Sentimita sitini na nne za udongo wa jirani

Saa tatu asubuhi. Ukungu bado umelala juu ya vilima vya chokaa nje kidogo ya Mangina, magharibi ya Beni, na Berthe Kavugho tayari ameloa jasho. Ameegemeza kifua juu ya mpini wa chuma chenye umbo la herufi T. Anauzungusha, anausukuma, anauzungusha tena. Chombo hicho huitwa tarière, na kazi yake ni kuchota udongo wa chini bila kuchimba shimo zima.

Chuma kinalia. Kimegonga mwamba. Berthe anakivuta, anatazama alama zilizokwaruzwa kwenye fimbo yake, kisha anasema bila kuinua kichwa, "Kumi na mbili."

Ni sentimita kumi na mbili tu za udongo, na chini yake jiwe jeupe. Anasogea hatua tatu hadi kwenye ufa kati ya mawe mawili makubwa, anaanza upya. Safari hii chuma kinashuka mpaka mpini unagusa nyasi. Udongo unaotoka ni mweusi, unanata, unanuka majani yaliyooza.

"Toka hapa mpaka pale ni hatua tatu," anasema huku akiupanga udongo katika mifuko midogo ya plastiki. Kama wengi wa huku, anachanganya Kiswahili na Kifaransa: mais ni lakini, donc ni basi. "Mais hazifanane hata kidogo. Mutu mumoja analima hapa, njaa inamuua. Mwenzake analima pale, anashiba. Na bote ni jirani."

Neno hilo la mwisho analitamka polepole. Kwa miaka kumi lilimgharimu karibu kila kitu alichokuwa nacho.

Berthe ana umri wa miaka hamsini na mbili. Ni mjane, na ni mmoja wa maelfu ya watu waliokimbia vijiji vyao na kuhamia Butembo. Kwa miaka miwili sasa amekuwa mchimbaji katika utafiti wa Eliane Maliro, mwanafunzi wa udaktari katika chuo kikuu kimoja cha mjini humo. Siku ya kazi hulipwa dola tano. Siku ambayo barabara imefungwa halipwi kitu, na siku hizo ni nyingi.

Utafiti wenyewe unauliza swali ambalo kwa masikio ya mkulima ni jepesi: kwa nini udongo wa kilima kimoja unatofautiana kiasi hiki kutoka hatua moja hadi nyingine?

"Weusi wa udongo, kwa sehemu kubwa, ni kaboni," anaeleza Eliane, akiwa ameketi juu ya jiwe na daftari magotini. "Jani linaichukua hewani, linaanguka, linaoza, na kaboni inabaki chini. Ikibaki chini, hairudi hewani kuongeza joto. Donc kila mtu anataka kujua ardhi fulani inabeba kiasi gani. Lakini ardhi ya chokaa inakataa kupimwa kwa haraka."

Inakataa kwa sababu ya maumbile yake. Maji ya mvua hula chokaa kidogo kidogo. Juu huacha miamba iliyochongoka, chini huacha mapango, na kati ya vilima huacha mabonde ya duara yasiyo na mto wa kutokea. Wenyeji huyaita masufuria. Mvua ikinyesha, maji hukusanyika katikati ya sufuria, kisha huzama ardhini yasionekane tena.

Berthe aliishi miaka ishirini na minane katika mojawapo ya masufuria hayo.

Alizaliwa Musienene, kwenye baridi ya milimani, katika familia ya wakulima wa viazi na maharagwe. Mwaka 1993 aliolewa na Delphin, akateremka naye mpaka Kyambuli, kijiji kidogo kilicho nusu siku kwa miguu kutoka Mangina. Delphin alikuwa amerithi shamba katikati ya sufuria. Mwaka wa kwanza alilizungushia mawe meupe, makubwa kama vichwa vya mbuzi, ili kila mtu aone mpaka.

Mteremko wa juu yao ulikuwa wa Zorobabel Lusenge. Wakati huo ulikuwa bado msitu. Kiangazi cha mwaka 1995 Zorobabel aliukata na kuuchoma.

"Moto ilikaa siku tatu," anakumbuka Berthe. "Mutoto wangu Séphora alikuwa anaanza kutembea. Nilikuwa nafula nguo, naanika, majivu inaangukia juu, nafula tena. Papa Zorobabel alikuwa anatupungia mukono kule juu. Tulikuwa tunapendana sana na familia yake."

Mavuno ya kwanza ya Zorobabel yalikuwa makubwa kuliko ya mtu yeyote kijijini. Ya pili yalikuwa mazuri. Baada ya miaka sita au saba mihogo yake ikaanza kuwa myembamba, na maharagwe yakageuka manjano kabla ya kutoa maua. Mawe meupe yalianza kuchomoza mahali ambapo zamani jembe lilizama lote.

Chini, katika shamba la Berthe, mambo yalikwenda kinyume. Ndizi zilinenepa. Maharagwe alivuna mara mbili kwa mwaka bila kupumzisha ardhi. Mawe ya mpaka aliyoyapanga Delphin yalipotea moja baada ya jingine, na mke na mume wakadhani yamefunikwa na majani.

Mwaka 2013, baada ya misimu mitatu mfululizo bila mavuno, Zorobabel alishuka asubuhi moja akasimama kwenye ukingo wa shamba lao.

"Aliniambia, 'Kila mwaka shamba yangu inakonda, yako inanona. Nielezee.'" Berthe anafunga mfuko mmoja. "Mimi nilicheka. Nilifikiri anafanya mchezo. Ile kicheko ndiyo ilinimaliza."

Wiki iliyofuata waliitwa uani kwa chifu. Zorobabel alikuja na gunia la mawe, akalimwaga chini mbele ya watu wote. Akasema hicho ndicho kilichobaki kwake. Udongo wake, alisema, uko kwa mama Séphora. Hajui anaubeba namna gani, wala saa ngapi, lakini uko kwake.

Hakutamka neno lenyewe. Walilitamka wengine. Mulozi. Mchawi.

Chifu hakutoa hukumu, ila kijiji kilitoa. Katika shirika, jumuiya ndogo ya Wakatoliki inayosali pamoja nyumba kwa nyumba, watu walianza kusogea mbali kwenye benchi kila Berthe alipoketi. Sokoni Mangina wanawake walikuwa wanashika maharagwe yake, wanasikia mwenzao akiwanong'oneza, wanayarudisha. Delphin akawa anayapeleka mwenyewe mpaka Beni, ambako hakuna aliyemjua.

Kilichomuumiza zaidi kilitokea nyumbani. Mwaka uliofuata Séphora alikuwa na miaka ishirini na alikuwa ameposwa. Siku ambayo wazee wa upande wa mwanamume walitakiwa kuja kupanga harusi, hawakuja. Walituma mtu mmoja kusema hawatakuja tena.

Jioni ile Séphora alimfuata mama yake jikoni.

"Aliniuliza, 'Mama, sema tu kweli. Ulifanyaka?'" Berthe anaufuta mpini wa tarière kwa kitenge chake, ingawa hauna tope. "Mimi sikujibu. Nilikasirika sana, midomo ikafungika. Nikaendelea kupepeta muchele. Yeye akasimama pale kidogo, akatoka."

Kabla ya mwezi kwisha, Séphora alikuwa amevuka mpaka kwenda Kasese, Uganda. Alimuaga baba yake. Mama yake hakuagwa.

Agosti 2018, Ebola ilipoanza Mangina, Delphin aliugua homa. Alifariki siku ya nane katika kituo cha matibabu. Watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga walimzika, na Berthe alitazama kutoka upande wa pili wa uzio. Kyambuli walisema amemla na mume. Aliporudi kijijini hakuna aliyekuja kukaa naye matanga.

"Nililia mwenyewe, nikalima mwenyewe," anasema. "Shamba ilizaa sana ule mwaka. Ilikuwa kama inanichekelea."

Miaka mitatu baadaye hata shamba likaondoka. Asubuhi moja ya siku ya soko, mwaka 2021, watu wenye silaha waliingia Kyambuli. Berthe alikuwa chini shambani, na hilo ndilo lililomwokoa. Wana wawili wa Zorobabel walikuwa juu barabarani. Walikufa wote wawili, pamoja na majirani wengine ambao Berthe hupenda kuwataja kwa majina na si kwa idadi.

Waliobaki walitembea kuelekea Beni, kisha Butembo. Siku tatu Berthe na Zorobabel walikuwa katika msafara mmoja, yeye mbele, mzee nyuma. Hawakusemezana hata mara moja.

Mjini Butembo alipata kazi ya kubeba mchanga wa ujenzi kutoka mtoni. Huko ndiko Eliane alikomkuta mwaka 2023. Mtafiti huyo alikuwa anazunguka akiwauliza wahamiaji ni nani anayeijua vizuri ardhi ya chokaa.

"Wengine walinipa majina ya vijiji," anasema Eliane. "Mama Berthe aliniambia, 'Kule udongo iko kama mufuko yenye kutoboka. Ukitaka kuijua, usiulize iko wapi. Uliza inakwenda wapi.' Nilikuwa nimesoma miaka mitano, mais hakuna mwalimu aliyenifundisha hivyo kwa maneno machache."

Kazi ilianza katika vilima vilivyo karibu na Mangina. Walipanga kuchimba pointi mia moja na arobaini: juu ya ukingo wa masufuria, kwenye miteremko, katikati, na katika nyufa za miamba. Nyingine ziko chini ya msitu, nyingine kwenye mashamba. Berthe alijifunza upesi. Kabla chuma hakijazama alikuwa anaweza kutaja kina, na mara nyingi alikosea kwa vidole viwili tu.

Februari 2024 kukawa na wiki kadhaa za utulivu. Walipewa ruhusa ya siku nne kuingia Kyambuli. Aliyewapeleka alikuwa Lukman, mwendesha pikipiki wa Beni mwenye umri wa miaka thelathini na tatu, ambaye amekuwa akisafirisha kakao kwenye njia hizo tangu ujana wake na anajua vizuizi vyote vya wanajeshi.

"Toka Mangina mama alinionyesha njia na kidole," anasema Lukman. "Mimi niko mutu ya kuongea sana, mais siku ile nilifuata kidole tu."

Kijiji kilikuwa kimemezwa na nyasi. Paa la kanisa lilikuwa limeondolewa mabati. Berthe hakusimama nyumbani kwake. Aliteremka moja kwa moja hadi katikati ya sufuria, kwenye ukingo wa shamba lake, akafyeka mahali penye ukubwa wa kitanda, akaanza kuchimba.

Hapo Eliane alitaka shimo la wazi, ili aone tabaka za udongo kutoka juu hadi chini. Walichimba kwa zamu. Udongo ulikuwa mweusi, laini, na ulikuwa hivyo hivyo kila walipoendelea kushuka. Kisha ukageuka. Ulitokea mstari wa makaa, mwembamba kama kamba, umepita pande zote nne za shimo.

Eliane aliweka kipimo. Sentimita sitini na nne.

Alidhani ni moto wa kale, labda wa kabla ya kijiji kuwepo. Alikuwa anaandika hivyo katika daftari wakati Berthe, aliyekuwa amepiga magoti ndani ya shimo, alipofuta udongo kwenye ukuta wa shimo, usawa wa makaa, na kufunua jiwe jeupe. Halafu la pili pembeni yake. Halafu la tatu, yote kwa mstari mmoja.

"Hii hapana moto ya zamani," Berthe alisema. "Hii ni mawe ya Delphin."

"Mama, una hakika?"

"Alipanga yeye mwenyewe, nilikuwa namupokeza. Na hii makaa ni ya Zorobabel. Ni ile moto ya siku tatu."

Eliane anasema alihitaji muda kuelewa alichokuwa anakitazama. Mawe yale yalikuwa juu ya ardhi mwaka 1993. Makaa yaliangukia ardhi ileile miaka miwili baadaye. Kila kitu kilicho juu ya makaa, udongo wote ule mweusi uliokuwa ukilisha familia moja, ulikuwa umefika baada ya miti kukatwa.

Walipanda mteremko. Katika shamba la Zorobabel chuma kiligonga mwamba kwenye sentimita tisa, saba, kumi na moja, tisa. Mahali pengine hakikupata udongo wa kutosha kujaza mfuko.

Upande wa pili wa kilima kulikuwa na sufuria nyingine ambayo msitu wake haukukatwa kamwe. Huko mteremko ulikuwa bado na udongo mzito hadi kiunoni, na chini hapakuwa na lundo lolote la ajabu.

Vipimo vya maabara vilikuja miezi iliyofuata, vikathibitisha walichokiona kwa macho. Kwa kila mita ya mraba, katikati ya sufuria ya Berthe kulikuwa na kaboni karibu mara tisa ya iliyobaki kwenye mteremko wa juu yake.

"Kama ningechimba chini tu, ningeandika kwamba Kyambuli ni tajiri," anasema Eliane. "Kama ningechimba juu tu, ningeandika kwamba imekufa. Na sehemu nyingine hatuipati kabisa, imeshuka na maji mpaka mapangoni. Yaani udongo wa mama Berthe haukuzaliwa pale. Ulihamia, kama watu."

Lakini siku ile, juu ya mteremko, Berthe hakuwa anafikiria kaboni. Alikaa juu ya jiwe, tarière imelala magotini, akitazama chini. Eliane alimuuliza kama anaumwa.

"Hapana," alijibu. "Donc papa Zorobabel hakusema bongo, hakudanganya. Miaka yote ile nilimuita mutu ya bongo. Udongo yake ilikuwa kwangu kweli."

Ilimchukua wiki tatu kuamua. Anasema alikuwa na hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani. Hatimaye alimwomba Lukman ampeleke mahali Zorobabel alipokuwa akiishi, chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mpwa wake, pembezoni mwa Butembo.

Mzee alikuwa na miaka sabini. Alikuwa anakohoa, na mikono yake ilikuwa inasuka kamba za kufungia mizigo. Alipomwona mlangoni hakuacha kusuka.

"Mama Séphora," alisema. "Umekuja kunimaliza?"

"Hapana, papa. Nimekuja kukuambia jambo ya shamba."

Akaketi chini, akamweleza yote. Makaa. Mawe ya Delphin. Vipimo vya juu. Lukman, aliyekuwa amesimama mlangoni, anasema mzee hakumkatiza.

"Sentimita ngapi?" Zorobabel aliuliza mwishoni.

"Sitini na ine."

Mzee alisimama, akaweka kiganja juu ya goti lake, akakipandisha polepole mpaka juu ya paja. "Mpaka hapa."

"Mpaka hapo."

"Donc ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yako, papa."

"Na weye haukuibeba."

"Mvua ilibeba. Toka siku ulikata miti."

Zorobabel alirudi kukaa. Kamba ilikuwa imemwanguka. "Ni mimi nilikata," alisema, kama anayejaribu kuzoea maneno hayo. Aliokota kamba, kisha akauliza, "Mutoto yako iko wapi?"

"Kasese."

"Anaongeaka na weye?"

"Hapana."

Mzee alivua kofia yake akaishika mbele ya uso. Berthe hakusema kitu cha kumfariji. Anakiri: "Nilikuwa nimebeba ile neno yake miaka kumi. Nilimuacha naye abebe kidogo."

Berthe aliporudi wiki iliyofuata, Zorobabel ndiye aliyeanza. Alimuuliza afanye nini.

"Sema mbele ya batu," Berthe alimwambia. "Uliyasemea mbele ya batu."

Jumapili moja ya mwezi Aprili, wahamiaji wa Kyambuli walipokutana kusali uani kwa mmoja wao, Zorobabel alisimama akiwa ameshikilia fimbo. Alizungumza kwa Kinande, lugha yao ya nyumbani, kisha kwa Kiswahili, ili asiwepo atakayesema hakuelewa. Lukman alikuwa amekaa nje juu ya pikipiki yake. Berthe alikuwa amemwomba arekodi kwa simu.

Rekodi hiyo ina dakika mbili na sekunde chache. Sauti ya mzee inakatizwa na kikohozi. "Mama Séphora hakuniroga," anasikika akisema. "Miti nilikata miye. Udongo ilishuka yenyewe, kila mvua, na miye nilikuwa naangalia. Nilitafuta mutu ya kushitaki. Niliona yeye, kwa sababu alikuwa chini."

Mtu angetarajia kwamba mambo yangeishia hapo. Hayakuishia. Baadhi ya waliokuwepo walikuja kumshika Berthe mkono. Wengine waliondoka bila kumkaribia. Mwanamke mmoja mzee alisema kwa sauti kwamba mchawi mwenye nguvu humfanya hata aliyerogwa amtetee. Mpaka leo, anasema Berthe, kuna nyumba ambazo hakaribishwi.

"Nusu banaamini, nusu hapana," anasema. "Zamani ilikuwa hakuna hata mumoja."

Lukman alituma rekodi Kasese kwa mfanyabiashara aliyekuwa akimfahamu Séphora. Siku nane hakukuja jibu. Siku ya tisa simu ya Berthe iliita kwa namba asiyoijua.

Kila mmoja alikuwa hajasikia sauti ya mwenzake kwa miaka kumi. Séphora hakuanza kwa salamu.

"Mama, siku ile nilikuuliza. Sababu gani haukunijibu?"

"Nilifikiri unanijua," Berthe alisema.

Laini ikakatika. Berthe alikaa na simu mkononi, hakujua kama imekatwa au pesa zimekwisha. Alikuwa hana pesa za kupiga.

Séphora alipiga tena mwezi uliofuata, na tangu hapo hupiga mara moja kwa mwezi. Wanazungumza kuhusu mvua, afya, na bei ya unga huko Kasese. Ana watoto wawili. Berthe amewasikia wakicheza nyuma ya sauti ya mama yao, hajawaona.

"Tunaongea kama batu benye kukutana kwa njia," anasema. "Hatujaongea mambo ya ndani. Nangojea."

Zorobabel hakuishi kuona mwisho wa mwaka. Kikohozi kilimzidi, akafariki Septemba 2024, mbali na mteremko wake. Berthe alikwenda kukaa matanga pamoja na mkwe wa mzee, mjane wa mmoja wa wale wana wawili, na wajukuu watatu. Alipika. Alichota maji. Waliokuwa wanamwogopa walikula alichopika, ingawa si wote.

Hali ya barabara, wakati huohuo, imezidi kuwa mbaya. Tangu ile ziara ya siku nne hakuna aliyeruhusiwa kurudi Kyambuli. Kati ya pointi mia moja na arobaini, sitini na moja hazijachimbwa, na Eliane anaamini hazitachimbwa. Fedha za utafiti zinakwisha Desemba. Ramani atakayoitetea mbele ya walimu wake itakuwa na sehemu kubwa nyeupe katikati, isiyo na namba.

Baada ya Desemba, Berthe atarudi kubeba mchanga.

Ukimuuliza anatumaini nini, kwanza kuna kazi. Anamaliza kwanza kufunga mifuko, anaandika namba kwa kalamu ya wino mzito, anaihesabu ndani ya gunia ambalo Lukman atalifunga nyuma ya pikipiki. Kisha anasimulia kuhusu mara ya mwisho alipomtembelea Zorobabel, siku chache kabla ya kifo chake.

Mzee alikuwa amelala, hawezi tena kusuka. Alimuuliza kuhusu udongo ule, na kama kuna namna ya kuurudisha juu.

"Nikamuambia, iko. Na kikapu."

Zorobabel alicheka mpaka akakohoa. Berthe alisubiri amalize, kisha akamweleza kwamba hafanyi mzaha. Njia ikifunguka, atapanga mawe kwa mistari kukata mteremko, apande miti juu ya kila mstari, na nyuma ya mawe hayo arudishe udongo kutoka chini, kikapu kwa kikapu, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso kama wanawake wa Musienene wanavyobeba viazi. Mteremko utakuwa wa wajukuu wa Zorobabel. Sufuria itakuwa ya Séphora, akiitaka.

Eliane amejaribu kumpigia hesabu. Hata udongo wa kufunika kona moja ya shamba lile ungehitaji maelfu ya vikapu. Anasema kwa upole kwamba kazi hiyo haiwezi kuisha katika maisha ya mtu mmoja, hasa mtu wa miaka hamsini na mbili ambaye hata hajui kama ataruhusiwa kufika.

Berthe anajua. Anainua tarière, anaiweka begani, anatazama upande wa magharibi, iliko Kyambuli, ambako vilima vimejificha ndani ya ukungu.

"Sikumuambia nitamaliza," anasema. "Nilimuambia nitapandisha."